Kidato cha Sita au Mbweni? Njia za kufikia uhandisi ukiwa Unguja au Pemba

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kuanzia hapo hadi Julai nyumba nyingi za Unguja na Pemba huwa na mjadala mmoja. Kijana anasema anataka kuwa injinia. Baba anasema sawa, basi nenda kidato cha sita. Ami aliyewahi kufanya kazi bandarini anasema mpelekeni Mbweni, kwenye taasisi ya ufundi, akashike spana. Jirani naye ana mtoto aliyepita kwengine kabisa. Kila mmoja ana hoja yake, lakini karibu wote huzungumza kana kwamba kidato cha sita ndiyo njia yenyewe, na nyengine zote ni za waliokwama.

Tupige hesabu ya miaka, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa ratiba ya kawaida, aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025 akachaguliwa kuendelea, huingia kidato cha tano Julai 2026 na kufanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028. Oktoba au Novemba mwaka huo anaanza chuo kikuu, na kwa kuwa shahada ya uhandisi ni miaka minne, anamaliza katikati ya 2032. Mwenzake aliyeingia diploma mwishoni mwa 2026 anasoma miaka mitatu hadi 2029, kisha miaka minne ya shahada, anamaliza 2033. Tofauti yao ni mwaka mmoja tu. Na huyu wa pili tangu 2029 ana cheti cha kuombea kazi, wakati wa kwanza, mpaka apate shahada, hana cha kuonesha kazini isipokuwa matokeo ya mtihani.

Kabla ya kuchagua njia, tujue tunakwenda wapi. Tuchukue mfano wa umeme. Umeme wa Unguja unakuja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mei 2008 laini hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Desemba 2009 ikaharibika tena, na safari hiyo umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka majenereta ya Darajani na foleni za maji. Waya ule ulikuwa wa mwaka 1980, na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Mwaka 2013 ukazinduliwa mwengine wa megawati 100. Pemba nayo, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, iliungwa na Tanga kwa waya wake mwenyewe mwaka 2010.

Kazi kama hiyo ina watu wa ngazi tatu. Fundi stadi anavuta, anaunga na anafunga. Fundi sanifu anasoma mchoro, anapima, anatafuta hitilafu na kuwasimamia mafundi. Mhandisi ndiye anayekaa na maswali ya mbele: kisiwa kitahitaji megawati ngapi baada ya miaka ishirini, waya uwe mnene kiasi gani, upite wapi, na ukikatika watu watapata umeme kutoka wapi. Kisha anatia saini. Saini hiyo ndiyo inayomtenga na wenzake, kwa sababu mambo yakiharibika ndiye anayetafutwa kwanza. Elimu inayozungumzwa hapa, kwa ukweli wake, ni safari ndefu ya kumfikisha mtu mahali ambapo saini yake inakubalika.

Sasa turudi skuli. Mlango wa kwanza hauko kidato cha nne kama wazee wengi wanavyodhani. Uko kidato cha pili. Baada ya mtihani wa kidato cha pili, ambao kwetu unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, mwanafunzi huingia kidato cha tatu akiwa na masomo aliyoyachagua au aliyochaguliwa. Hesabu haikwepeki, kila mtu anaisoma. Fizikia na kemia zinaweza kuachwa, na ndipo watoto wengi wanapopotezewa uhandisi bila ya mtu kujua. Aliyeacha fizikia akiwa na miaka kumi na tano, kwa sababu skuli yake haikuwa na mwalimu au kwa sababu marafiki zake wote walikwenda sanaa, amejifungia karibu milango yote nitakayoitaja hapa chini. Watoto wa kike huachishwa zaidi, na mara nyingi kwa maneno ya upole tu: fizikia nzito, mwanangu, chukua kitu cha kukufaa. Mzazi mwenye binti anayependa kufungua redio na kuirudisha asikubali maneno hayo kirahisi.

Jambo jengine la hapo hapo kidato cha nne, dogo lakini linaumiza: vyuo vya ufundi vinapohesabu ufaulu wa masomo manne, huandika wazi kwamba ni masomo yasiyo ya dini. Kwetu watoto wengi hufanya mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na wengi hufaulu vizuri. Ni jambo la kheri, ila kwa hesabu ya kuingia diploma somo hilo haliingii. Mtoto mwenye ufaulu wa masomo manne, moja likiwa la dini, ana matatu.

Njia ya kidato cha sita inajulikana, kwa hiyo nitaipita haraka. Kuchaguliwa kidato cha tano kunataka alama za A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na kwa uhandisi tahasusi inayotakiwa hasa ni ya fizikia, kemia na hesabu, ile PCM. Ipo pia ya fizikia, jiografia na hesabu. Skuli kama Lumumba mjini au Fidel Castro kule Pemba zimewatoa watu wengi kwa njia hii. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na baada yake Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayoweka kima cha chini cha kuingilia shahada: ufaulu kamili wa masomo mawili yanayohusika na fani, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D ya hesabu na D ya fizikia zinafika. C na E zinafika pia. Watu huogopa PCM kana kwamba inataka A tatu, haitaki. Ila kufika kima cha chini ni ruhusa ya kuomba, si ahadi ya kupata nafasi, na katika fani zinazokimbiliwa kwenye vyuo vikubwa wenye D mbili mara nyingi hubaki nje.

Mtego wa njia hii ni tahasusi ya PCB. Mzee hataki mtoto afunge njia ya udaktari, mtoto anataka uhandisi, wanakubaliana kati: fizikia, kemia na bailojia, "ataamua baadaye". Baadaye hakuna cha kuamua. Bila ya hesabu ya kidato cha sita, fani nyingi za uhandisi hazimpokei. Anayetaka uhandisi aende kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na asiyeiweza hesabu ni afadhali ajue mapema.

Njia ya diploma ndiyo inayohitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu inasemwa vibaya. Kwetu Zanzibar mlango wake mkubwa ni Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pale Mbweni, ambayo watu wanaiita Mbweni tu. Inafundisha fani za ujenzi, umeme, mitambo, magari, elektroniki na mawasiliano, kompyuta. Kuingia kunataka ufaulu wa kidato cha nne, kuanzia alama D, katika masomo manne yasiyo ya dini, na miongoni mwao hesabu na fizikia ndiyo yanayotazamwa kwanza. Hapa ndipo dharau inapozaliwa: kidato cha tano kinataka C, diploma inaridhika na D, basi watu wanahitimisha kuwa diploma ni ya waliofeli. Wanasahau kwamba mwenye C zake zote anaruhusiwa kuingia pia, na kwamba kinachopimwa mwishoni ni atakachotoka nacho, si alichoingia nacho.

Diploma imepangwa kwa ngazi za Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6, ambayo ndiyo diploma yenyewe. Shahada ni ngazi ya 8. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kila ngazi ina cheti chake. Mwanafunzi aliyefiwa na baba yake mwaka wa pili akalazimika kutafuta kazi, anaondoka na kitu kinachotambulika, na anaweza kurudi kuendelea. Kidato cha tano hakina huruma hiyo: ukiishia njiani, cheti chako ni kile kile cha kidato cha nne.

Kisha kuna karakana. Mwanafunzi wa diploma anashika mita, anachora, anachomelea, anachanganya zege na kulipima nguvu yake. Akifika chuo kikuu na kukaa darasa moja na aliyetoka kidato cha sita, mambo huwa ya kupokezana. Semista za mwanzo, wa PCM anakimbia kwenye hesabu na wa diploma anahema. Calculus aliyoisoma Mbweni mara nyingi haikwenda kina hicho. Wakiingia maabara na kwenye michoro, wa PCM ndiye anayeuliza. Ushauri wangu kwa wa diploma ni kwamba mwaka wa mwisho ajitafutie vitabu vya hesabu vya kidato cha sita avimalize mwenyewe au kwa tuisheni. Ni miezi michache, lakini inamwokoa mwaka mzima wa mitihani ya kurudia.

Sharti la kupanda kutoka diploma kwenda shahada ni GPA, yaani wastani wa alama zake zote, isiyopungua 3.0 kati ya 5, na vyuo vyengine huweka juu zaidi. Hapa wengi hujimaliza wenyewe. Wanaingia diploma wakidhani kazi kubwa ni kufaulu, wanatoka na 2.7, wanakuta mlango wa shahada umefungwa. Kitu kingine kinachosahauliwa ni kwamba fani lazima ifuatane: diploma ya umeme inakupeleka shahada ya umeme au jirani zake, haikupeleki ujenzi. Uamuzi ambao wa kidato cha sita anaufanya akiwa na miaka ishirini, wa diploma anaufanya na kumi na saba. Hili ndilo tatizo la kweli la njia ya Mbweni, na silioni likisemwa na wanaoisema vibaya.

Mbweni si peke yake. Bara kuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na Chuo cha Ufundi Arusha, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ambacho kabla ya hapo kilikuwa chuo cha ufundi. Hata aliyeteleza kidato cha sita, akapata ufaulu kamili wa somo moja na S, alama iliyo chini ya E, ya jengine, hajafikia mwisho. Diploma bado inampokea.

Chini ya hapo kuna njia ya mafunzo ya amali, kwa wale waliotoka skuli bila ya alama za kutosha au waliotaka kazi ya mikono mapema. Vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali viko Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba. Kutoka huko kufika uhandisi inawezekana, ila ni ngazi kwa ngazi, na vyuo bado huangalia cheti cha kidato cha nne pembeni ya cheti cha ufundi. Anayeanzia Vitongoji na ndoto ya uhandisi afanye tena mtihani wa hesabu na fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akijifunza kazi. Asingoje amalize kwanza.

Shahada yenyewe isomwe wapi? Kwa fani za uhandisi wa kawaida, wengi wetu bado huvuka bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uhandisi tangu 1973, leo chini ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Ardhi, Dodoma, DIT na Mbeya wana fani zao. Sokoine wana uhandisi wa kilimo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina matengenezo ya ndege. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kina uhandisi wa mitambo ya meli, fani ambayo kwa watu wa visiwani ningetarajia ijae Wazanzibari. Hapa nyumbani, Mbweni nayo imeanza kutoa shahada katika baadhi ya fani zake, na mwaka 2023 IIT Madras ya India ilifungua kampasi Bweleo. Hiyo ya Bweleo ina mtihani wake wa kuingilia na usaili wake. Shahada iliyoanza nayo ni ya sayansi ya data na akili mnemba, elimu nzuri na yenye soko, lakini anayetaka kujenga madaraja asome jina la shahada kabla ya jina la chuo. Vivyo hivyo sayansi ya bahari na sayansi ya kompyuta: ni jamaa wa uhandisi, ila si uhandisi mbele ya wanaosajili wahandisi.

Kila mwaka TCU hutoa miongozo miwili ya udahili, mmoja wa waliotoka kidato cha sita, mmoja wa wenye diploma. Kila shahada imeandikwa humo na masharti yake. Maombi yanapelekwa chuo chenyewe moja kwa moja, kwa mtandao. Kaeni na mwongozo huo mezani, mzazi na mtoto, kabla ya kuchagua tahasusi au fani ya diploma. Si baada. Wengi huufungua mara ya kwanza siku wanayoomba chuo, na siku hiyo hakuna cha kubadilisha.

Fedha. Tangu sheria ya 2011 Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Bara kuna HESLB, bodi ya mikopo ya huko. Mkopo hauchukuliwi pande zote mbili, kwa hiyo familia iangalie mapema ni wapi mtoto ana sifa zaidi. Kwa upande wa diploma, HESLB ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kukopesha katika fani teule, na orodha ya fani hizo ndiyo ya kusoma kwa makini. Jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote ni chumba cha Dar es Salaam, nauli ya boti na vifaa vya kuchorea. Anayesoma Mbweni huku akilala kwao Fuoni au Kwarara ameokoa fedha nyingi kwa miaka mitatu, na hii ni hoja ya diploma ambayo wazee wenye watoto wengi wanaielewa haraka kuliko ile ya GPA.

Shahada imepatikana, picha zimepigwa, mama kafurahi. Kijana bado si mhandisi mwenye saini. Bara, sheria ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwenye shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mzoefu kwa muda usiopungua miaka mitatu, akiandika anachokifanya na kupitiwa. Tangu 2003 bodi ina mpango maalumu wa mafunzo haya ya vitendo. Akikubaliwa anakuwa mhandisi mtaalamu, na juu yake kuna ngazi ya mhandisi mshauri. Usajili wa wahandisi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina bodi yake, inayowasajili wahandisi pamoja na wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Mwenye kutaka kufanya kazi pande zote mbili asidhani usajili wa upande mmoja unavuka na yeye kwenye boti.

Kwa hiyo ile hesabu ya mwanzo inaongezeka. Kutoka kidato cha nne hadi saini ni kiasi cha miaka kumi kwa aliyepita kidato cha sita, kumi na moja kwa aliyepita diploma. Wengi hupoteza miaka zaidi hapa mwishoni kuliko mahali pengine, kwa sababu ya uzembe mdogo: wanapata kazi, wanasahau kujisajili kama wahitimu, miaka minne inapita, na kazi yote waliyofanya haikuandikwa na haina msimamizi wa kuithibitisha. Wiki ya kwanza kazini, muulize bosi wako kama amesajiliwa, na kama atakubali kukusimamia. Akisema hapana, tafuta mwengine katika kampuni au idara hiyo hiyo kabla hujazoea.

Wapo wanaokwenda nje: India, Uturuki, China, Algeria. Nafasi za ufadhili hutokea na wanaozipata wanafanya vizuri kuzichukua, lakini shahada ya nje hupitiwa na TCU kabla ya kutambuliwa hapa, na bodi nazo huangalia masomo yaliyosomwa mmoja mmoja. Hakikisha chuo kinatambulika nchini kwake, na kwamba fani ni uhandisi kweli. Kama umesoma kwa Kituruki, Kichina au Kifaransa, omba matokeo kamili na maelezo ya kila somo kwa Kiingereza, yenye muhuri wa chuo, kabla hujafunga begi la kurudi. Kuyafuatilia kwa barua pepe ukiwa umeshafika Kisauni kunaweza kuchukua mwaka.